Wimbo Nilioufuta kwa Deki ya Kulia

Fundi Jeni, aliyerithi meza yangu sokoni Kiboriloni, ameniambia niandike. Anasema kila nikipita kuwasalimia nasimulia saa mbili, wateja wanasimama foleni mpaka simu zao zinapona zenyewe, kwa hiyo ni heri niyaweke kwenye karatasi, nanyi mafundi vijana mtayasoma umeme ukikatika. Nimekubali. Tangu nistaafu nakaa Shirimatunda na kuku kumi na mmoja, na hao hadithi zangu wameshazichoka. Wakiniona navuta kiti wanaondoka mmojammoja kwa adabu.

Nilianza kazi siku ya mvua kubwa, mvua ambayo kama ingeendelea hadi jioni mlima ungesombwa ukaonekana Same. Fundi Melkiori alikuwa na kibanda cha mbao, meza moja, na ndevu zilizonuka spiriti. Hakuniuliza najua nini. Alinipa redio moja iliyokuwa inavuma tu, akasema nisiiguse, niisikilize. Nikaisikiliza tangu asubuhi. Jioni akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia njaa. Alicheka mpaka akavua miwani, na hapo nikajua nimepata kazi.

Lakini alikuwa na maana yake. Baada ya mwezi niliweza kutofautisha mvumo wa waya uliolegea na mvumo wa spika iliyochanika, nikiwa nimefumba macho. Ninyi leo mnachomeka waya, kompyuta inawaambia ugonjwa. Sisi tulitega sikio. Vifaa vyetu vilienea kwenye kopo la maziwa ya unga: bisibisi tatu, waya wa risasi, pamba, chupa ya spiriti, na penseli moja ya kuzungushia kaseti iliyolegea utepe. Pasi ya kuchomelea tuliipasha kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme ulikuja ukijisikia. Pembeni ya jiko hilohilo mke wa fundi alichoma ndizi. Zipo redio mjini hapa ambazo hadi kesho ukizifungua zinanukia ndizi.

Kusoma michoro ya saketi sikujua. Nilikuwa na darasa la saba langu na ujasiri mwingi. Melkiori akanisukuma shule ya jioni mjini, nikawa natoka kibandani saa kumi na moja na nusu na kukimbia darasani na mikono myeusi. Mwalimu wa fizikia alipofika kwenye umeme alikuwa ananigeukia mimi: "Gaspari, hebu waeleze, wewe ndiye unapigwa shoti kila siku." Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mke na mtoto anayetembea. Cheti changu kina doa la spiriti, na bado nakiona kizuri kuliko vyeti vyote vilivyowahi kutolewa Afrika Mashariki.

Sasa niwaambie muziki ulivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa umo mfukoni. Kila kazi ilikuwa na chombo chake. Redio ilikuwa ya kusikiliza salamu. Gramafoni ilikuwa ya mzee aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Deki ilikuwa ya kijana aliyetaka kuoa. Ukiupenda wimbo, ulikaa mbele ya redio kaseti, vidole viwili juu ya vitufe, unangoja mtangazaji auweke. Viwili, kwa sababu kurekodi kulitaka ubonyeze kitufe cha kupiga na kitufe chekundu kwa pamoja. Ukibonyeza kimoja, utepe unazunguka, taa inawaka, unafurahi, na hakuna kinachoingia. Likumbukeni hilo. Nitalirudia.

Na mwenye redio hakusikiliza peke yake. Akiiwasha kibarazani, kihamba kizima, ukoo wote wa shamba lile la migomba, kilikuwa kimealikwa. Nilimjua bwana mmoja wa Kirua Vunjo aliyelazimika kununua benchi mbili kwa sababu ya redio moja.

Mkate wetu hasa ulikuwa kunakili kaseti. Melkiori alikuwa na mashine ya deki mbili, kubwa kama jeneza la mtoto wa ng'ombe. Deki ya kushoto inasoma, deki ya kulia inaandika. Kaseti ya mteja kushoto, kaseti tupu kulia, bonyeza, subiri. Na kila kaseti mgongoni ilikuwa na meno mawili madogo ya plastiki. Ukiyavunja, mashine inakataa kuandika juu yake, hata ukosee vipi. Melkiori alikuwa na amri moja aliyoirudia kuliko sala: kaseti ya mtu ikifika mezani, vunja meno kwanza, salamu baadaye. Wateja wengine walimwona hana adabu. Unamwambia shikamoo, yeye kashika bisibisi, anavunja.

Desemba ilikuwa vita. Wachagga wote wa Dar, Arusha na kwingineko wanapanda nyumbani kwa Krismasi, na kila mmoja anataka nyimbo za kuondoka nazo. Nadhani kuna Desemba moja nilinakili kaseti nyingi kuliko watu waliokuwepo duniani. Katika Desemba hiyo ndipo akaja Mama Bibiana.

Mama Bibiana alikuwa mkulima wa kahawa kule Kirua Vunjo, na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia yao. Wanakwaya walikuwa wameazima kinasa sauti, wakajirekodi sakristia, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kubonyeza vitufe kwa sababu mikono yake haikutetemeka. Upande wa kwanza wa kaseti hiyo ulibeba wimbo mmoja mrefu wa msimu wa kahawa, nusu Kiswahili nusu Kichagga, uliotungwa na mwalimu wao wa kwaya. Mwalimu huyo alifundisha kwa mdomo na ubao, kila sauti kivyake, na ubao ulifutwa kila Jumapili kwa ajili ya katekisimu. Wiki tatu baada ya kurekodi, akafariki, kinasa kikiwa kimesharudishwa kwa mwenyewe, na hakukuwa na mwingine wa kuziunganisha sauti zile. Kwa hiyo Mama Bibiana alishuka mlimani na nakala pekee ya wimbo huo duniani akiwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Alitaka nakala kumi na mbili.

Melkiori hakuwepo, alikwenda msibani. Kibanda kilijaa watu, nami nilikuwa nawasimulia jinsi nilivyotengeneza redio ya padri kwa uzi wa sufi, hadithi ambayo ni kweli kwa sehemu kubwa. Nikapokea kaseti. Nikasalimia kwanza. Nikaiweka kulia, na kaseti tupu kushoto, nikabonyeza mwendo wa kasi, nikaendelea na hadithi.

Mwendo wa kasi ulikuwa na sauti yake: kwaya inalia kama panya kwenye gunia. Siku hiyo hakukuwa na panya. Kimya kile kingenishtua, kama na mimi ningekuwa nimenyamaza. Nilipogeuka, upande ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimenakili kaseti tupu juu ya wimbo wa watu.

Mama Bibiana alikuwa amekaa pale kwenye kreti ya soda, mikono mapajani. Akauliza kama tayari. Ndugu zangu, ningeweza kusema. Maneno hayakuwa mengi. Badala yake nikaipiga kaseti mbele yake, ikavuma tu, nikamwambia: "Mama, upande huu umekuja mtupu. Labda mlibonyeza kitufe kimoja."

Akatazama vidole vyake. Akaifunga kaseti kwenye kitenge, akaondoka.

Melkiori aliporudi nilimweleza yeye, kwa sababu deki ilikuwa yake. Aliinama akatazama mashine kwa muda, akasema kaseti ni kosa, lakini kitufe kile ni uongo, na vitu hivyo viwili havitengenezwi kwa pasi moja. "Mimi sitakusemea," aliniambia. "Na usije ukanisimulia tena mpaka uwe umemsimulia yeye." Alifariki bila kuniuliza tena.

Baadaye nilisikia yaliyotokea kule juu. Kwaya haikumfukuza mtu. Walimwambia tu pole, Mama Bibiana, kubonyeza kimoja hutokea. Wakamwambia hivyo kila Jumapili, hadi akaacha kwenda mazoezini. Aliendelea kusali, lakini benchi la nyuma, na mdomo umefungwa. Mimi nikaendelea kuvunja meno ya kaseti kabla ya salamu, nikasifiwa kwa umakini.

Miaka ikaenda. Zikaja sidii, nikajifunza kuzichoma. Zikaja flashi, zikaja memori kadi ndogo kama ukucha, zinazopotea ukipiga chafya. Siku ya kwanza kuona simu inapiga muziki, nilitangaza pale sokoni kwamba hicho ni kiwewe cha mwaka mmoja, kwamba hakuna binadamu atakayekubali kusikia besi kupitia tundu la sindano. Mashahidi wa hotuba ile wako hai na wananikumbusha. Simu ikameza redio. Ikameza deki, santuri, saa, tochi, kamera, kalenda ya ukutani. Siku moja nikatazama meza yangu, vitu vyote nilivyowahi kutengeneza vilikuwa ndani ya kitu kimoja chembamba nisichojua kukifungua.

Hapo akaja Jeni, ametoka chuo cha ufundi, akaniomba kona ya meza. Nikampa kona. Baada ya miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa kwenye kona. Alinifundisha kubadilisha kioo na tundu la chaji, nami nikamfundisha kusikiliza. Siku moja akaletewa simu iliyokuwa ikikwaruza, ameipima mpaka amekata tamaa, nikaiweka sikioni nikamwambia spika ina unga wa ugali. Ilikuwa na unga wa ugali. Naomba hilo liandikwe kwenye kaburi langu.

Wenzangu wa zamani hupenda kusema simu imeua muziki. Ni kweli nyumba moja siku hizi ina watu wanne na nyimbo nne, kila mtu ameziba masikio yake, na lile benchi la kibarazani wanalalia paka. Lakini nimeona pia mama anachambua maharage hapa Shirimatunda huku anajifunza sauti yake ya kwaya, mwalimu kairekodi Marangu akaitupa kwenye kundi la simu, na mwenzake wa sauti ya kwanza yuko Mwanza. Jumapili moja ya mwaka wanakutana, wanaimba kama waliolala chumba kimoja. Na kijana akiweka simu mezani na kuunganisha na sabufa bila waya, majirani wanasikia wapende wasipende. Kwa hiyo benchi limerudi, ila sasa ni la lazima.

Kundi kama hilo ndilo lililonipata. Kwaya ya Kirua Vunjo inaadhimisha jubilei, na mwenyekiti wao akataka ule wimbo wa kahawa. Waliobaki ni wachache, lakini kila mmoja alikumbuka sauti yake. Wakasema basi kila mtu ajirekodi kwa simu, fundi Gaspari wa Kiboriloni atajua kuunganisha, yeye ni mtu wa sauti siku nyingi. Wakaniweka kwenye kundi. Nilipoona jina la wimbo, nilikaa chini kwenye chakula cha kuku.

Zikaanza kuingia. Sauti ya kwanza ilitoka kwa akina mama wawili wanaosukumana kila neno. Ya tatu ilitoka kwa Mzee Anselimi, anaishi kwa binti yake Dar, na nyuma yake anasikika muuza samaki anayeimba vizuri kumzidi. Ya nne ilitoka kwa bwana ambaye sauti yake ilikuwa chini tangu ujana, na sasa imefika kwenye udongo. Jeni akazipanga kwenye kompyuta yake, tukasikiliza. Ulikuwa wimbo, ila katikati yake kulikuwa na shimo. Waimbaji wa sauti ya pili wote wamefariki isipokuwa mmoja.

Mwenyekiti alimwomba Mama Bibiana mara tatu. Alijibu kwa maandishi, kundi zima likasoma: "Mimi ndiye niliyepoteza wimbo huo. Msinipe tena."

Siku mbili sikula vizuri, na wanaonijua watawaambia hilo halijawahi kutokea. Siku ya tatu nikamwandikia peke yake. Nikaeleza yote: deki ya kulia, hadithi ya padri, kitufe. Na kwa kuwa mnajua kwetu huombi msamaha wa jambo zito kwa mdomo mtupu, nikaenda kwenye mpaka wa kiwanja, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha. Kisha nikalipiga picha. Nikaituma.

Siwafichi, nilijiona mtu wa kisasa kweli.

Jibu lilikuja kwa sauti. Sauti ya mama mtu mzima, taratibu, na kuku wake nyuma. "Gaspari. Nimesoma. Nimesoma mara mbili. Hili isale la kwenye kioo nalipokea kwa mkono upi?" Akamfukuza kuku mmoja. "Leta jani."

Nilimwonyesha Jeni. Alicheka kwanza, halafu akaniona uso, akaacha. Akasema, "Mzee, simu imemeza vitu vyote hivyo, wewe ukadhani na isale?" Akanichajia simu, akaniambia niende kabla sijaanza kutunga sababu.

Nilipanda kesho yake, isale jipya ndani ya gazeti lenye maji ili lisinyauke. Bodaboda aliniacha penye kilima ambacho naapa kimeongezwa tangu ujana wangu. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, anachagua buni kwenye ungo. Nywele nyeupe, mikono ileile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Siku ile ulisalimia vizuri pia."

Nikapiga goti, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili. Hakulipokea. Akaendelea kuchagua buni, moja kushoto, moja kulia, kama mtu aliye peke yake. Nikasema tena yote, safari hii bila hadithi ya padri. Nikasema nilimdanganya kwa sababu niliogopa kuonekana fundi mbaya mbele ya wateja, na kwamba alipotazama vidole vyake nilijua ninachofanya. Hapo ungo ukasimama.

"Nimevitazama vidole hivi miaka yote," akasema. "Nikipika, nikichuma kahawa. Nilikuwa na hakika nilibonyeza vyote viwili. Halafu nikawa sina hakika. Umenifanya nisijiamini mimi mwenyewe, Gaspari. Wimbo ni kitu kidogo."

Nikaendelea kulinyoosha jani.

Akaniambia niliambie kundi, kwa mdomo wangu, wote wamsikie aliyefanya, kwa sababu waliompa pole ni haohao. Magoti yalikuwa yameanza kulia, lakini nilitoa simu hapohapo. Nilisema jina langu, nikasema nilichofanya, nikasema Mama Bibiana alibonyeza vitufe viwili. Nikatuma. Mlio wa kwenda ukasikika. Tukakaa tukitazama kile kioo kama watu wanaongoja maji yachemke. Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Anselimi, kwa sauti, na muuza samaki wake: "Bibiana, dada yangu, tusamehe. Tulikuwa tunakupa pole isiyo yako."

Alisikiliza mara moja tu. Kisha akanyoosha mkono akalichukua isale, akaliweka juu ya buni, akaniambia niinuke kabla sijafia uani kwake, hana nguvu za kunibeba. Akaleta kiburu, zile ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, sahani iliyojaa kiasi cha kulisha jubilei yenyewe. Nikala yote. Nilikuwa na madeni ya siku mbili na tumbo langu.

Tulipomaliza, akajifuta mikono na kitenge. "Lete hiyo simu yako. Meno yake yako wapi?"

Nikamwambia haina meno. Nikamweleza kwamba akiimba, wimbo utakwenda kwenye simu za watu arobaini kwa mpigo, Dar, Mwanza na hapa mlimani, na hata mimi nikiurudia ujinga wangu siwezi kuwafuta wote. Alifikiri. Akasema ni meno mazuri hayo.

Akataka abonyeze mwenyewe. Nikamwonyesha alama nyekundu kwenye kioo. Akaitazama, akatafuta ya pili pembeni yake.

"Kiko wapi kingine?"

"Hakuna, Mama. Siku hizi ni kimoja tu."

Akacheka. Alicheka kwa sauti ya pili, ileile inayokaa katikati na kushika zingine. Akaketi wima, akakohoa kidogo, akanyoosha kidole kisichotetemeka.

"Basi nimebonyeza kimoja," akasema, "na wewe nyamaza."

Nikanyamaza.